Nne Hii ni ya Nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu majibu ya maabara. Anayejibu ni mtaalamu wa maabara mstaafu, Mwanga, Kigoma.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina mtumbwi wa dagaa, nakaa Ujiji, umri wangu miaka 47. Mwezi uliopita nilimsindikiza baba mkubwa, mwenye miaka 71, kupima tezi dume. Alikuwa amezibwa mkojo, akawekewa mpira siku nne, na wiki mbili baada ya kutolewa mpira akapimwa damu. Kwa kuwa nilikuwa pale pale, nikasema na mimi nipimwe. Majibu yakatoka: baba mkubwa PSA 5.6, mimi 3.8. Pembeni ya karatasi zote mbili imechapwa 0–4. Mimi nikaambiwa niko salama, nirudi nyumbani. Mzee akaambiwa yake imezidi. Altrasaundi ilionyesha tezi yake ina ujazo wa mililita 80, yangu 22. Sasa mzee hali wala halali, anataka kuuza kiwanja chake cha Buzebazeba aende Dar es Salaam. Binamu yangu aliyeko London naye anapiga simu kila siku, anasema sisi weusi namba zetu hazisomwi kama za wazungu. Baba yangu mzazi alifariki akiwa na miaka 62. Mgongo ulimuuma mpaka miguu ikakataa, na mkojo ulikuwa wa taabu. Hakupimwa chochote. Naomba kujua, hiyo 4 aliiweka nani, na sisi inatuhusu?

JIBU: Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya yote, mwambie baba mkubwa kiwanja kisiuzwe. Halafu wewe mwenyewe usilale juu ya lile neno "salama". Kati ya karatasi mbili ulizonitumia, inayonisumbua zaidi ni yako.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, ya mwenye afya na ya mgonjwa. Kazi yake ni kuzifanya shahawa ziwe nyepesi. Kidogo huvuja kikaingia kwenye damu, na hicho kidogo ndicho mashine inachokihesabu, kwa nanogramu katika kila mililita. Tezi ikiwa kubwa itavuja zaidi. Ikipata maambukizi itavuja zaidi. Ikipitiwa na mpira wa mkojo itavuja zaidi, na ikiwa na saratani vilevile. Mashine inakupa hesabu tu. Sababu inabidi itafutwe kwa mwenye damu.

Sasa hiyo nne. Ilitoka Marekani. Mwaka 1986 mamlaka yao ya chakula na dawa iliruhusu kipimo hiki kitumike kuwafuatilia wanaume ambao tayari walikuwa na saratani ya tezi dume. Mwaka 1994 ikaruhusu kitumike, pamoja na kipimo cha kidole (daktari huigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa), kuitafuta saratani kwa wanaume wa miaka 50 na kuendelea. Mpaka wa 4.0 ulipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wengi wao sana walikuwa wazungu. Nao ulikuwa mpaka wa kuchagua. Ukiushusha, wanaume wengi wasio wagonjwa watakatwa bure kinyama cha tezi ili kipimwe. Ukiupandisha, wagonjwa watarudishwa nyumbani. Wakachagua nne. Baadaye, mwaka 2004, ilichapishwa taarifa ya wanaume 2,950 wa huko huko ambao PSA yao haikuwahi kuvuka 4 kwa miaka saba, nao wakakubali kukatwa kinyama mwishoni. Wanaume 449 kati yao walikutwa na saratani. Nyingi zilikuwa za pole, lakini si zote.

Nilikaa maabara miaka 31, na hiyo 0–4 nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, enzi za daftari, kabla mashine haijaanza kuichapa. Alikuja fundi cherehani mmoja mwenye miaka 44, majibu yake 3.6. Nikaandika "kawaida", nikapigia mstari. Daktari akasoma nilivyoandika, akamruhusu. Baada ya miaka mitatu yule bwana alirudi akiegemea fimbo. Damu yake ilibidi niizimue mara kumi ndipo mashine iweze kuisoma: 212. Mkewe alikuwa bado ameitunza ile karatasi ya kwanza ndani ya mfuko wa nailoni, na mwandiko wangu ukiwa juu yake. Aliniuliza, "Mama, si mliandika kawaida?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile sikuandika tena neno hilo kwenye PSA ya mtu kabla ya kuuliza ana umri gani na baba yake aliugua nini.

Umri ndio wa kwanza. Tezi hukua kadiri mwanaume anavyozeeka, na PSA hupanda nayo. Mwaka 1993 madaktari wa Minnesota, Marekani, walipendekeza kila rika liwe na mpaka wake: miaka ya arobaini 2.5, ya hamsini 3.5, ya sitini 4.5, ya sabini 6.5. Mwanaume wa kawaida wa miaka ya arobaini hana hata 1. Nusu yao wako chini ya 0.7 hivi. Kwa hiyo 3.8 yako iko chini ya nne, ni kweli, lakini kwa mtu wa miaka 47 iko juu sana.

Sasa nije kwa binamu yako. Wale wa Minnesota walikuwa karibu wote wazungu. Mwaka 1996 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, walichapisha hesabu za wanaume weusi wa Marekani. Waliutafuta mpaka ambao usingewakosa wagonjwa zaidi ya 5 katika kila 100. Kwa miaka ya arobaini wakapata 2.0, kwa hamsini 4.0, kwa sitini 4.5, kwa sabini 5.5. Mwaka uliotangulia wanaume wa Japani walikuwa wamepewa mipaka yao, nayo iko chini kuliko ya wazungu karibu katika kila rika. Halafu mwaka 2024 Uingereza ikatoa kumbukumbu za wanaume zaidi ya 730,000 waliopimwa PSA kwa madaktari wao wa kawaida. Walichukua wale ambao namba ilikuwa imepanda kwa umri wao, wakaangalia wangapi walikutwa na saratani ndani ya mwaka mmoja. Katika kila 100, weusi walikuwa karibu 25, wazungu 20, wenye asili ya Asia 13. Namba ni ile ile kwenye karatasi, lakini uzito wake haukuwa mmoja. Binamu yako hakukudanganya.

Ila hapa nataka tuende polepole, maana neno "weusi" linabeba watu wengi mno. Weusi wa Marekani wengi ni wajukuu wa waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya magharibi na ya kati-magharibi. Weusi wa London wengi wana asili ya visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi. Wewe ni mtu wa Ujiji. Muha wa Kasulu, Mmanyema wa Ujiji na Mbembe aliyevuka ziwa wanaweza kutofautiana kwenye damu, kwa sababu Afrika ndiko binadamu wana tofauti nyingi za urithi kuliko bara lolote. Tena katika utafiti huo wa Uingereza, ilipofika kwenye saratani zilizokwisha kusambaa, tofauti ya weusi na wazungu ilikuwa ndogo. Ndiyo maana namba za weusi wa ng'ambo nazichukua kama onyo la kutuamsha, siyo kanuni ya kubandika ukutani. Mtu asikuambie, "wewe mweusi, 3.8 hiyo ni saratani." Wala asikuambie, "ni chini ya nne, nenda kavue."

Kinachokuhusu wewe kuliko rangi yako ni baba yako. Mwanaume ambaye baba au kaka yake aliugua saratani ya tezi dume hatari yake huongezeka kama mara mbili, na zaidi ikiwa aliyeugua hakuwa mzee sana. Saratani hii ikitoka kwenye tezi hupenda kwenda kwenye mifupa ya mgongo. Inauma usiku na mchana, na ikibana uti wa mgongo miguu hukataa. Sisemi ndicho kilichomuua marehemu, maana kifua kikuu cha mgongo nacho hufanya hivyo. Lakini mgongo, miguu na mkojo kwa pamoja, kwa mwanaume wa miaka 62, ni habari ambayo daktari wako lazima aisikie. Waulize pia shangazi zako kama kuna mwanamke wa ukoo aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari akiwa kijana. Kuna kasoro za urithi zinazopita kwa wanawake na wanaume wa ukoo mmoja.

Chukua kalamu tufanye hesabu moja. Gawanya PSA kwa ujazo wa tezi. Ya baba mkubwa ni 5.6 kwa 80, unapata 0.07. Yako ni 3.8 kwa 22, unapata 0.17. Madaktari huanza kuwa na shaka zaidi kuanzia 0.15. Tezi ya mzee ni kubwa, kwa hiyo inavuja kama tezi kubwa. Yako ni ndogo, lakini inavuja kuliko ukubwa wake.

Mzee tumsemee vizuri. Alipimwa wiki mbili tu baada ya mpira. Hiyo ni mapema mno. Mkojo upimwe, na kama una maambukizi yatibiwe kwanza. PSA irudiwe ikishapita wiki sita tangu mpira ulipotolewa, na maambukizi yawe yamekwisha. Kwa mpaka wa wazungu wa miaka sabini, 5.6 iko ndani. Kwa ule wa weusi wa Marekani, imezidi kwa 0.1. Baba, 0.1 ni ndogo kuliko mtikisiko wa mashine yenyewe! Damu ile ile ukiipeleka maabara mbili unaweza kupata majibu yanayotofautiana kuliko hapo. Asisahau kumwambia daktari kwamba mdogo wake alikufa vile. Na hata ikija kuwa saratani, kwa umri wake si kila saratani ya tezi dume hukimbiliwa kwa kisu au mionzi, matibabu ambayo yanaweza kumwacha mtu akivujwa mkojo au akipoteza nguvu za kiume. Uingereza waliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika kila 100, bila tofauti ya maana kati ya makundi matatu. Nao karibu wote walikuwa wazungu, kwa hiyo utaona kwa nini naomba daktari amwangalie mzee mwenyewe.

Wewe rudia kipimo kati ya wiki ya sita na ya nane tangu kile cha kwanza, maabara ile ile. Siku mbili kabla usikutane na mkeo. Pima mkojo siku hiyo hiyo. Ikiwezekana, omba na kipimo cha PSA huru. Hiyo ni sehemu ya PSA inayotembea kwenye damu bila kushikana na protini nyingine. Ikiwa ndogo, tuseme chini ya asilimia 10 ya PSA yote, shaka inaongezeka, na ikizidi 25 inapungua. Namba yako ikishuka mpaka 1 na kitu, shukuru Mungu, lakini uwe unapima kila mwaka. Ikibaki 3 na zaidi, nenda hospitali ya Maweni ukaonwe na daktari wa upasuaji, umwonyeshe karatasi zote mbili na ile hesabu ya 0.17, umweleze habari za marehemu. Omba rufaa ya Bugando au Muhimbili. Huko watazungumza nawe kuhusu MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na kukatwa kinyama, na ni kinyama pekee kinachosema ndiyo au hapana. Mtu akikwambia tena "salama", mwulize kwa upole, "kwa mwanaume wa miaka 47?"

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo, miaka 64. Mwaka jana PSA yangu ilikuwa 6.2, kinyama kikaonyesha tezi imekua tu, hakuna saratani. Nikaanzishiwa dawa ya tezi, finasteridi. Sasa baada ya miezi kumi imeshuka hadi 3.3 na mkojo unatoka vizuri. Je, niache kupima?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na nimefurahi kwamba mkojo unatoka. Usiache kupima. Finasteridi, na ndugu yake dutasteridi, hushusha PSA kwa karibu nusu mtu akishaitumia miezi sita na zaidi. Kwa hiyo 3.3 yako izidishe mara mbili, unapata 6.6. Ukweli ni kwamba namba yako haijashuka. Imekaa pale pale ilipokuwa, na hilo si baya. La kuangalia ni kama itaanza kupanda huku unameza dawa. Ikipanda, hata kama bado iko chini ya nne, rudi kwa daktari aliyekukata kinyama. Na popote utakapopimwa, hata Tabora mjini, taja dawa hiyo kabla hujatoa mkono, kwa sababu aliyeko nyuma ya mashine haoni vidonge ulivyoacha nyumbani.

SWALI: Mimi ni Mtanzania wa asili ya Kihindi, nimezaliwa Ujiji, nina duka la vitenge. Miaka 56, kilo 112. PSA 4.4. Rafiki yangu ameniambia Wahindi saratani hii haiwapati sana, nisihangaike. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako ameshika nusu. Katika zile kumbukumbu za Uingereza nilizozitaja juu, wenye asili ya Asia, wengi wao ndugu zako wa India, Pakistan na Bangladesh, walikuwa 13 katika kila 100 waliopanda namba. Kumi na watatu si sifuri. Wewe sasa umo ndani ya hao mia, kwa sababu mpaka wa miaka ya hamsini ni 3.5 nawe una 4.4. Halafu kuna uzito. Mtu mnene ana damu nyingi zaidi mwilini, na PSA iliyomo inazimuliwa, kama chumvi ile ile ukiitia kwenye sufuria kubwa. Kwa hiyo 4.4 ya kilo 112 naiona nzito kuliko 4.4 ya mtu mwembamba. Rudia baada ya wiki sita, pima ujazo wa tezi, onana na daktari. Duka liangaliwe na kijana wako siku hiyo.

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Kasulu. Mume wangu ana miaka 58, anabeba mawese kwa baiskeli. Anaamka usiku mara tano kukojoa. Alipimwa bure kwenye mahema kwa kile kipimo cha mistari, akaambiwa hana kitu. Hospitali hataki kusikia, anasema hawezi kuingizwa kidole na mtu yeyote duniani. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kile kipimo cha mistari hakitoi namba. Kinachoonyesha ni kama PSA imevuka nne au haijavuka, basi. Mwenye 3.9 na mwenye 0.5 wote wanatoka hemani wakiambiwa hawana kitu. Mwombe apimwe kwa mashine, mpewe karatasi yenye namba na nukta yake.

Kuamka mara tano mara nyingi ni tezi iliyokua tu, na ina dawa; pia apimwe sukari. Saratani ikiwa changa kwa kawaida haina dalili yoyote, kwa hiyo apime hata kama mkojo ungekuwa mzuri.

Kuhusu kidole, usigombane naye. Mwambie kwamba nimesema mimi: aanze na damu. Damu inachukuliwa mkononi. Siwezi kukubali mwanaume afie nyumbani kwa kukimbia kipimo cha nusu dakika wakati kuna kingine cha kuanzia. Namba ikija juu, daktari mwenyewe atamweleza, mwanaume kwa mwanaume akitaka, na hapo ataamua akiwa anajua anachoamua. Nimewaona wengi walioapa kama yeye wakakubali baada ya kuiona namba yao.

Siku mbili kabla ya kutoa damu asipande baiskeli. Mawese yabebwe na mwingine.